Mfumbati

Niliipata darini kwa shangazi, Muheza,
imefungwa kwa gunia la katani na kamba ya katani,
kama kila kitu cha Muheza.
Bunduki ya risasi moja. Unatia, unafyatua,
kisha unarudi kuwa mtu mwenye fimbo.

Nimefanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na mmoja;
sijui kukaa na kitu kilichokwama.
Nikaibana kwenye jiliwa, uani, Barabara ya Kumi na Tano,
nikaimiminia mafuta ya taa, nikaiacha ilale.
Siku ya nne komeo likatoa sauti
kama mgonjwa aliyekataa uji, na sasa anauomba.

Kutu niliikwangua kwa shaba, si kwa chuma,
maana chuma juu ya chuma hakina adabu.
Chini yake likajitokeza taji dogo, namba, mwaka
wa Mjerumani. Sikulipigia saluti.
Ndani ya mtutu, mistari minne inajipinda
taratibu, kama ukili mkononi mwa msusi asiye na haraka.
Nani aliwaza hivyo, kuifundisha risasi kuzunguka
ili isisahau njia?

Pini ya kupigia haikuwepo. Nikakereza nyingine
kwa shafti ya printa mbovu ya duka la steshenari.
Ya kwanza fupi. Ya pili nene.
Ya tatu, nikamsikia Ngoda upande wa pili wa ukuta:
"Fundi, umri huu unatafuta vita na nani?"

Na nani.

Kitako ndicho kilichonishinda.
Mchwa walikila wakabakiza ngozi,
lakini upande wa shavu, pale babu Sekibaha alipolaza uso,
zilikuwepo chale kumi na moja, za kisu, zimepangwa.
Nyumbani tuliambiwa: nguruwe.
Alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge, nguruwe walikuwa wengi.
Nguruwe hawali mkonge.
Nalijua hilo tangu utoto; sikuwahi tu
kuyaweka maneno haya mawili juu ya meza moja.

Biubwa hakuuliza. Aliingia chumba cha nyuma
akatoka na mfumbati wa kitanda cha mama yake,
mkuruti, mweusi kwa mafuta ya nazi na migongo ya watu.
"Huu niliushika nilipokuwa namzaa Mwajabu," alisema.
"Usiukate vibaya."

Nikaupiga randa. Ukatoa harufu ya udi na ya homa.
Patasi, tupa, msasa wa mia na ishirini,
msasa wa mia nne, kisha kitambaa
na nta ya nyuki kutoka Handeni.
Nikapima matundu ya skrubu, mteremko wa shavu,
kila kitu kama kilivyokuwa.
Halafu chale.
Nilikaa na kisu hadi adhana ya alasiri.
Fundi mwaminifu hunakili. Mjukuu mwaminifu, sijui.
Nikaweka kisu chini, nikaenda kutawadha.

Chumbageni, Sajini Mkufya aliigeuzageuza,
akafungua komeo, akachungulia taa ya dari kupitia mtutu.
"Safi, mzee. Ila jino litabaki hapa."
Pini yangu, niliyoikereza mara tatu,
akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina langu,
akakosea herufi moja, akaiacha hivyohivyo.
Kwenye fomu: *Umebadilisha nini?*
Nikaandika: mbao.

Sasa imetundikwa sebuleni, nzima, haiwezi kitu.
Wageni huisifu ule weusi wake, hugusa, huuliza ni mti gani.
Biubwa huwaambia ni mti wa kitanda, wakacheka.

Kile kitako cha zamani sikukitupa.
Ameking'ang'aniza dirishani, kizuie ubao usijipige na upepo,
na asubuhi jua likiingia kwa upande
hujaza chale mojamoja.
Juzi nikahesabu upya, nikapata kumi na mbili.
Moja labda ni ya mchwa.